Kuni za Mkaratusi

Mkaratusi asili yake ni Australia, lakini katika nyanda za juu za Kenya ni vigumu kupata boma lisilo na kuni zake. Uliletwa nchini mnamo 1902, na ulipandwa kwa ajili ya moto: injini za mvuke za reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria zilihitaji kuni nyingi, na miti ya kienyeji hukua polepole. Injini hizo zimekwisha, ila viwanda vya chai vya Kericho na Murang'a bado huchemshia maji ya mvuke wa kukaushia chai kwa magogo ya mkaratusi.

Kinachoupa sifa ni wepesi wa kukua. Miaka sita hadi minane yatosha kupata kuni. Ukikatwa, kisiki huchipua tena. Machipukizi hupunguzwa yakabaki mawili au matatu, na kisiki kimoja huvunwa mara kadhaa bila kupanda upya.

Lawama nyingi unazotupiwa mkaratusi jikoni ni za kuni mbichi. Gogo lililokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Likitiwa mafigani hivyo, ncha zake hutoa povu na kulia kama maji yanayochemka, moshi ukawachoma macho wapishi, na joto likaishia kukausha ukuni badala ya kuivisha maharage. Dawa ni kuchanja mapema. Nyuzi za mkaratusi aghalabu zimejisokota, na ukikauka ukiwa gogo zima huwa mgumu kiasi cha shoka kunasa. Hata kabari huingia kwa shida. Vipande vipangwe juu ya mawe, chini ya paa, pande zikiwa wazi upepo upite, kwa miezi mitatu hadi sita. Ukuni uliokauka hupasuka nyufa nchani, na vipande viwili vikigonganishwa hutoa mlio mkali. Hapo huwaka kwa moto mkali na kuacha makaa mazuri.

Majani yana mafuta, hivyo yakikauka hulipuka ghafla. Yanafaa kuwashia, lakini yasirundikwe karibu na jiko.

Mti huu hunywa maji mengi. Mwaka 2009 serikali ya Kenya iliagiza mikaratusi iliyo kando ya mito na chemchemi ikatwe, na agizo hilo lilikuwa la haki. Anayetaka kuni aupande mteremkoni, mbali na maji na mbali na mahindi, kwani mazao yaliyo jirani nao hudumaa.