Madini Joto na Ubongo wa Mtoto Aliye Tumboni

Kwa muda mrefu rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingoni, lilichukuliwa kuwa jambo la kawaida kwa watu wa milimani, lisilo na madhara zaidi ya kuharibu sura. Lakini uvimbe huo ni dalili tu. Hasara iliyo kubwa zaidi hutokea mahali pasipoonekana, nao ni ubongo.

Katika sehemu kama Nyanda za Juu za Kusini mwa Tanzania, mvua za maelfu ya miaka zimeiosha iodini, ambayo wengi huiita madini joto, kutoka udongoni. Mazao yanayoota hapo hupungukiwa vilevile. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 tu kwa siku. Mahitaji yake ya miaka 70 hayafiki gramu 4, kiasi kisichojaza kijiko cha chai.

Tezi ya thairoidi hutumia iodini kutengeneza homoni ya thairoksini, ambayo kila molekuli yake ina atomu 4 za iodini. Homoni hiyo ifikapo katika ubongo, kimeng'enya huondoa atomu moja. Ile iliyobaki na atomu 3 huingia katika kiini cha seli na kuamsha jeni zinazoongoza ukuaji. Hapo ndipo seli za neva husogea mahali pake na kuungana, na nyuzi zake hufunikwa kwa ala ya mafuta inayoharakisha upitishaji wa habari.

Katika miezi 3 ya kwanza mtoto aliye tumboni hutegemea homoni ya mama yake. Mama akipungukiwa sana, ubongo wa mtoto hudumaa, na dawa itakayotolewa baadaye haiwezi kuirudisha nafasi iliyopotea. Ndiyo maana mjamzito huhitaji mikrogramu 250 kwa siku.

Kuanzia mwaka 1986 Tanzania iligawa vidonge vya mafuta yenye iodini katika wilaya zilizoathirika. Baadaye, katika miaka ya 1990, chumvi iliyotiwa madini joto ikashika nafasi yake. Chumvi hiyo yafaa ihifadhiwe katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu, ili iodini isipotee.

Isidhaniwe kwamba kuzidisha iodini huzidisha akili. Aliye nayo ya kutosha haongezewi kitu, na ikipita kiasi huidhuru tezi ileile. Faida yake imo katika kufika mapema, kabla ya mimba. Kwa hiyo somo hili lamhusu kwanza msichana aliyeketi darasani leo.