Betri Haikuwa na Kosa

Kuanzia Juni hadi Agosti, hapa Chimwaga, Dodoma, hakuna anayetoka asubuhi bila sweta. Upepo unavuma usiku kucha, na vumbi linapenya hata chini ya mlango. Ni katika upepo huo, saa kumi na mbili na robo, Hilux yangu ya dizeli ilipoanza kunifanyia visa. Nikiwasha, staata inazunguka vizuri tu, injini inakohoa, moshi mweupe unatoka nyuma kama wa kuni mbichi, halafu kimya. Mara ya nne au ya tano ndipo inakubali, tena kwa kutetemeka kama mgonjwa wa malaria. Mchana, nikitoka kazini, inawaka mara moja.

Nikanunua betri. Kila mtu alisema ni betri: mlinzi, jirani, hata shemeji yangu wa Dar es Salaam aliyeipima kwa simu. Kesho yake asubuhi, moshi uleule.

Fundi ninayemwamini ni mzee wa Kigogo, gereji yake iko chini ya mwarobaini upande wa Ng'ong'ona. Hakufungua boneti.

"Mama, staata inazunguka kwa nguvu au kivivu?"

"Kwa nguvu, mzee."

"Na moshi upo?"

"Upo, mweupe."

"Sasa betri ulinunua ya nini?"

Akanieleza. Staata ikizunguka kivivu, au ikagonga tu ka-ka-ka huku taa za dashibodi zikififia, hapo tafuta umeme: betri, vichwa vyake vilivyoota unga mweupe, au waya wa ethi uliolegea. Lakini staata ikizunguka vizuri na injini isishike, umeme wa staata hauna kesi. Na moshi mweupe ni dizeli iliyofika kwenye silinda, ikakosa moto, ikatoka kama mvuke.

Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Inaikandamiza hewa, nyingine hata zaidi ya mara 20, mpaka inakuwa ya moto kiasi cha kuwasha dizeli yenyewe. Asubuhi chuma ni baridi na kinaunyonya ule moto, ndiyo maana kila silinda ina hita plagi, kijiti kinachopashwa na betri kwa sekunde chache. Ile taa ya manjano yenye umbo la springi kwenye dashibodi ndiyo inakwambia subiri. Nakiri kwamba miaka yote niliichukulia kama pambo.

Hata hivyo mzee hakukimbilia kufungua. Alinipa kazi ya nyumbani: Jumamosi nisiliguse gari mpaka saa nane mchana. Likigoma hata juani baada ya kulala muda wote huo, basi si baridi, ni bomba linalovuta hewa mahali fulani na dizeli inarudi tangini. Jumamosi liliwaka mara ya kwanza.

Jumatatu alichukua testa, akabana waya wake kwenye chanya ya betri, akatoa kipande cha chuma kinachounganisha hita plagi, kisha akagusa moja moja. Mbili ziliwasha taa ya testa. Mbili zilikuwa zimekufa. Injini ya silinda nne, na kila asubuhi nilikuwa naipasha nusu! Alibadilisha zote nne, kwa kuwa zilizobaki ni za umri uleule. Alizifungua injini ikiwa bado ina joto, polepole, maana hita plagi iliyoshika ikikatikia ndani, gharama yake ni ya injini kufunguliwa kichwa.

Nilipomlalamikia baridi ya Dodoma, alicheka. Na kweli, usiku wa Julai hapa ni nyuzi 13 hivi. Kitulo, ambako umande huganda kwenye majani, wana haki ya kulalamika. Gari zima halishindwi na nyuzi 13.

Tangu serikali ilipotangaza kuhamia huku mwaka 2016, magari mengi yamepanda kutoka Dar es Salaam, na wenyewe wanailaumu Dodoma. Kumbe joto la pwani ndilo linaloila betri: linakausha maji yake na kuharakisha kuoza kwa bamba za risasi. Ila kwenye joto hata betri dhaifu inamudu kazi, kwa sababu injini inazunguka kwa wepesi. Ikifika huku, oili inakuwa nzito alfajiri, betri nayo inapungukiwa nguvu, siri inatoka. Wengine wanajiongezea mzigo kwa kumimina oili nzito ya 20W-50 kwenye Toyota IST iliyotengenezewa oili nyepesi. Halafu wanaita vijana wasukume, na gari lenyewe ni la otomatiki. Watasukuma mpaka Kikuyu bila kuwaka.

Kabla sijaondoka, mzee aliweka mita kwenye betri yangu mpya. Volti 12.6, imejaa. Ingesoma 12.2, alisema, ingekuwa nusu. Akaniambia niwashe: wakati staata inazunguka isishuke chini ya 9.6, na injini ikishaunguruma ipande hadi 13.8 au 14 na kitu, ndipo ujue oltaneta inachaji. Zote zikasoma sawa.

"Na ile ya zamani ilisoma ngapi?" akauliza.

Ile ya zamani niliiacha dukani, nikapunguziwa bei ya mpya. Sikuipima.