Sultana ya 73: Ndai Yenye Muscat Haikuwahi Unda

Wasee, kuchora ndai ya ndoto ni rahisi. Unavuta boneti refu, unamwaga kroma, unasema hii ni klasiki. Noma inaanza msee akikuuliza ilizaliwa wapi, na ilikuwa ya kazi gani. Mimi nachorea Muscat, na yangu inaitwa Sultana, modo ya 1973. Jina nimetoa kwa ile meli ya Sayyid Said, sultani wa Muscat na Zanzibar, yenye ilitia nanga New York 1840.

Mbona 73? Cheki history. Kabla Sultani Qaboos ashike kiti Julai 1970, Oman nzima ilikuwa na lami kama kilomita 10 tu. Mageti ya Muscat yalikuwa yanafungwa usiku, na ukitembea giza lazima ubebe taa. Doo ya mafuta ilianza kuingia 1967, lakini ukiwa na ndai kali ungeipeleka wapi? Halafu Qaboos akashika, mambo ikachemka mbaya mbaya, na 1973 airport ya Seeb ikafunguliwa. Hapo ndio Sultana inapata kazi: kupokea wageni Seeb na kuwaleta hadi Mutrah.

Sasa nani angeiunda? Hapa ndio napenda sana. Miaka hizo Rolls-Royce ilikuwa bado inatoa Phantom VI kwa chesisi yake kando, bodi inatengenezwa na mafundi kwa mkono. So chesisi na V8 zinatoka Uingereza, bodi inaundwa Sur. Eeh, Sur ya majahazi! Mafundi wa huko walishusha Fatah al-Khair 1951. Halafu 1980 msafiri Tim Severin akaundiwa hapo hapo Sur meli ya Sohar, mbao zimeshonwa kwa kamba ya nazi, hakuna msumari, na ikafika China. Ukipita raundabauti ya Al Bustan, Muscat, utaiona imesimama hapo. Mikono ilikuwepo, manze. Oda ya gari ndio haikuwahi kuja.

Ndio maana fremu yangu ni ya msaji, mbao yenye majahazi yanaundwa nayo. Dashibodi ina misumari ya shaba kama sanduku la Zanzibar. Rangi ni nyekundu moja, full, ju bendera ya Muscat kabla ya 1970 ilikuwa nyekundu tupu, na ya Sultani wa Unguja pia. Dhahabu sitaki. Kuna wasee wanachukua gari ya mzungu, wanabandika dhahabu, wanasema ni ya Kiarabu. Hiyo ni kukosea watu heshima.

Paa nimeinua, ju mgeni amevaa kilemba na hafai kuinama akiingia. Kiti cha nyuma ni kipana, hakina kitu ya kubana kiuno, ju hapo kuna khanjari. Na mbele, chini ya taa mbili kubwa, nimeweka ndogo moja katikati, ya kukumbuka ile enzi ya kubeba taa.

Kwa kuchora, mimi naanzanga na kivuli chini ya gari, ndio isielee. Kati ya gurudumu la mbele na la nyuma naacha nafasi ya magurudumu matatu, na mlango nausukuma nyuma, mbali na ekseli ya mbele. Hapo ndio ubosi wa gari unakaa, si kwa kroma. Na kroma yenyewe ina sheria: inaonyesha penye gari imesimama. Muscat anga iko karibu nyeupe na milima ya Hajar ni kahawia inakaribia nyeusi, so kwa bampa unapata mstari mkali, mweupe juu, mweusi chini. Ukiiga kroma ya picha ya London, yenye mawingu ya kijivu, msee wa Ruwi atajua mara moja umemdanganya.

Dereva nimempa Kiswahili, ju miaka hizo Waomani wa Unguja walikuwa wanarudi kwa wingi kuanza maisha hapa. Nikimaliza milango naanza dadake Sultana, ndogo ya milango miwili, ya kupenya vichochoro za Mji Mkongwe kule Unguja.