Umbo Mama na Nakala Zake

Programu ya kuchora kwa vekta haihifadhi picha kama mkusanyiko wa nukta, bali kama orodha ya maumbo na vipimo vyake. Kwa sababu hiyo, msanifu wa kanga hana haja ya kuchora korosho mia moja katika pindo. Huchora moja, yaani umbo mama, kisha huiagiza kompyuta iweke nakala tegemezi. Nakala ya namna hii haina mistari yake yenyewe. Inachohifadhi ni jina la mama yake, pamoja na mahali ilipo, ukubwa wake na pembe iliyogeuziwa. Ncha ya korosho mama ikirefushwa, zote mia hurefuka papo hapo.

Wazo hili si geni. Programu ya Sketchpad, iliyotungwa na Ivan Sutherland kwa ajili ya shahada yake ya udaktari katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani, ilikuwa nalo mwaka 1963.

Je, nakala imtii mama katika lipi, na iwe huru katika lipi? Juu ya umbo hakuna ubishi. Kuhusu rangi, programu ya Inkscape hufuata kanuni hii: nakala yaweza kupewa rangi yake iwapo tu umbo mama limeachwa bila kuainishiwa rangi. Wanaoanza hushangaa, wakadhani mashine imeharibika.

Suala gumu hasa ni kusogeza. Tuseme umbo mama limesogezwa milimita 10 kulia. Kwa hesabu kali ya vekta, mwendo huo hupitia mageuzi ya kila nakala. Nakala iliyonyooka itakwenda milimita 10 kulia. Iliyogeuzwa nyuzi 180 itakwenda kushoto. Iliyopunguzwa nusu itasogea milimita 5 tu. Mwanafunzi aweza kulihakikisha jambo hili kwa karatasi ya grafu. Hesabu ni sahihi kabisa, ila pindo limevurugika! Ndiyo maana Inkscape humwachia mchoraji achague: nakala zifuate hesabu hiyo, ziende sambamba na mama, au zitulie. Kwa maoni yetu kutulia ndiko bora, kwani anayeliondoa umbo mama mahali pake kwa kawaida anatafuta nafasi tu. Tena, mchoraji akivuta mama na nakala zote kwa pamoja, programu isiyo makini itazisogeza nakala mara mbili: kwa mkono wake, na kwa kumfuata mama.

Na umbo mama likifutwa? Ama nakala zote zitoweke nalo, ama kila moja ipewe mistari yake na kujitegemea. Njia ya pili huokoa kazi ya siku nzima isipotee kwa kubonyeza kitufe kimoja. Lakini tangu hapo, atakayetaka kurekebisha ncha ya korosho atairekebisha mara mia.