Kukwama na Kukwamishwa: Kitenzi cha Kiswahili katika Kueleza Sababu za Matendo

Lori linapozama katika matope ya barabara itokayo Bunia kwenda Komanda, karibu na Marabo, maelezo mawili husikika papo hapo. Dereva husema: “Gari limekwama.” Abiria waliokaa juu ya mizigo husema: “Dereva ametukwamisha.” Tukio ni moja na mzizi wa kitenzi ni mmoja. Kilichoongezeka ni kiambishi -ish-, nacho kimehamisha lawama kutoka kwenye matope hadi kwa mtu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jinsi watu wanavyoeleza sababu za matendo yao na ya wenzao, jambo lililowashughulisha wanasaikolojia kwa zaidi ya nusu karne, katika Kiswahili ni suala la sarufi pia.

Msingi wa uchunguzi huo uliwekwa na Fritz Heider, mzaliwa wa Vienna aliyehamia Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1958. Heider alitofautisha sababu zilizomo ndani ya mtenda, kama vile uwezo, nia na juhudi, na zile zilizomo katika mazingira yake. Mwaka 1967 Edward Jones na Victor Harris waliwapa wanafunzi wasome insha za kumtetea au kumpinga Fidel Castro. Hata wasomaji walioambiwa kwamba mwandishi alipangiwa upande wa kutetea waliendelea kuamini, kwa kiasi fulani, kwamba aliyoyaandika ndiyo yaliyokuwa moyoni mwake. Mwelekeo huo wa kukuza tabia ya mtu na kupuuza hali iliyomzunguka uliitwa na Lee Ross, mwaka 1977, kosa la msingi. Kabla yake, mwaka 1971, Jones na Richard Nisbett walikuwa wamedai kwamba mtenda huelekea kutaja hali, ilhali mtazamaji hutaja tabia. Dai hili lilifundishwa vyuoni kana kwamba ni kanuni, mpaka Bertram Malle alipokusanya matokeo ya tafiti 173 mwaka 2006 na kukuta kwamba kwa jumla tofauti hiyo ni ndogo mno. Hata hivyo, inajitokeza pale jambo linaloelezwa linapokuwa baya. Dereva wa Marabo, basi, hakupitwa na wakati.

Kiswahili kina hazina kubwa ya kauli kwa kazi hii. Katika “sahani imevunjika”, kauli ya kutendeka humfuta mtenda kabisa. Huwezi kuongeza “na mtoto”. Katika “sahani imevunjwa”, mtenda hakutajwa lakini yupo, na msikilizaji ana haki ya kuuliza: na nani? Kirejeshi -ji- huenda mbali zaidi, kwa kuwa humfanya aliyepatwa kuwa chanzo cha lililompata: “amejitakia”, “amejiponza”. Ni nadra mtu kusema “nimejitakia” ila kwa majuto au kwa mzaha. Kwa upande mwingine, “nililazimika” ni neno lipendwalo na msemaji anayejieleza. Latofautiana na “nililazimishwa” kwa kuwa halimdai amtaje aliyemlazimisha. Yaelekea mwanafunzi wa sarufi hufundishwa kauli hizi kama jedwali la maumbo tu, na hapo ndipo nusu ya maana yake hupotea.

Uzito wa jambo hili waonekana wazi zaidi Ituri kuliko kwingineko. Tarehe 14 Machi 2012, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mjini The Hague ilimtia hatiani Thomas Lubanga, kiongozi wa UPC, kwa kuwaandikisha watoto wenye umri chini ya miaka 15 katika jeshi la FPLC na kuwatumia vitani, kati ya Septemba 2002 na Agosti 2003. Julai mwaka huohuo alihukumiwa kifungo cha miaka 14. Sheria yenyewe hutenganisha kuchukua mtoto kwa nguvu na kumpokea aliyekuja mwenyewe. Majaji waliamua kwamba vyote viwili ni uhalifu, na kwamba ridhaa ya mtoto si utetezi.

Lakini kijijini tofauti hiyo haikufutwa na hukumu. Kijana aliyerudi aweza kusemwa kwa namna tatu: “aliingia jeshini”, “aliingizwa jeshini”, “alijiingiza jeshini”. Ya kwanza yaonekana haimlaumu yeyote, ingawa humwacha kijana kuwa mtenda pekee. Ya pili yamwondolea hatia. Ya tatu yamhukumu, na mara nyingi husemwa na jirani asiyejua kama wakati huo nyumbani kulikuwa na chakula au hata kama nyumba ilikuwa bado imesimama. Huyu hana tofauti na msomaji wa insha za mwaka 1967.

Kuna pia namna ya nne, inayosikika sana katika mazungumzo ya kila siku: “walimwingiza”. Mtenda ametajwa kwa kiambishi wa-, lakini si kwa jina. Msemaji amekiri kwamba kuna watu waliofanya jambo hilo, akaishia hapo. Anayeandika ushahidi huo, au anayeufasiri kwa Kifaransa, hana budi kuuliza kiambishi hicho chasimama badala ya nani, kisha asubiri jibu hata likikawia.