Je, Mwanamume Aweza Kulia Mbele ya Rafiki Yake?

Kina mama wengi hulalamika kwamba mume akirudi kutoka machimboni hana neno nyumbani, lakini akikutana na rafiki zake kijiweni kicheko chake husikika hadi mtaa wa pili. Wengine hudhani wamenyimwa upendo. Mwezi huu tuutazame urafiki huo wa wanaume, maana unagusa afya ya nyumba nzima.

Katika maduara ya Rwamagasa, Nyarugusu au Mgusu, anayeshuka chini hukabidhi uhai wake kwa yule aliyeshika kamba juu. Hawaambiani kwamba wanapendana. Upendo wao huonekana kwa kugawana sigara (ingawa ukurasa huu hauisifu sigara), kuazimana buti, kumtumia mama wa mwenzake nauli ya kwenda hospitali, au kutembea wameshikana mikono kutoka sokoni, jambo ambalo mgeni wa Ulaya hulishangaa na sisi hatulioni kuwa kitu. Tena kuna utani. Yule anayeitwa "ngosha" na kuchekwa kwamba anaogopa giza mara nyingi ndiye anayependwa kuliko wote.

Wazee wetu wa Kisukuma walikuwa na shikome, yaani moto wa jioni uani, ambapo wanaume na vijana waliketi pamoja. Pale kijana alisikia mambo ya watu wazima, na mwenye huzuni hakukaa peke yake. Urafiki mkubwa zaidi ulifungwa kwa damu: Aprili 1876 Mtemi Mirambo wa Wanyamwezi na msafiri Henry Stanley walichanjiana wakawa ndugu. Leo tusichanjiane, kwa kuwa wembe mmoja kwa watu wawili huweza kupitisha virusi vya UKIMWI na homa ya ini aina ya B. Lakini mpangaji wa chumba kimoja kambini, aliyetoka mbali kutafuta dhahabu, hana shikome wala ndugu wa kuchanjiana. Ana kilabu cha pombe.

Shida inaanzia hapo. Wanaume wetu wanajua kusaidiana, ila hawajui kusema "naogopa". Tangu utotoni wameambiwa wajikaze, na kwamba chozi la mwanamume huanguka tumboni. Wakati huohuo kazi yao ni ya kutisha. Mwaka 2015, katika machimbo ya Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji walifukiwa tarehe 5 Oktoba, na watano wakatolewa hai tarehe 15 Novemba, baada ya siku 41. Walikuwa wamekula mizizi, mende na vyura. Habari hiyo ilienea duniani kote. Yanayofuata baada ya ajali za namna hiyo hayasimuliwi sana: mtu aliyefukiwa, au aliyefukua maiti ya mwenzake, huweza kukaa miezi akiota ndoto mbaya, akishtuka kwa kishindo kidogo, akigombana na watoto bila sababu. Huo si uoga wala si kurogwa. Ni ugonjwa wa akili unaotokana na mshtuko, nao hutibika.

Wengi hujitibu kwa gongo. Gongo humlaza mtu haraka, kisha humwamsha usiku wa manane akiwa na huzuni kubwa kuliko ile ya jioni. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba wanaume wanaojiua ni zaidi ya mara mbili ya wanawake. Tusifiche jambo hili kwa aibu.

Rafiki aonapo mwenzake hali usingizi wala chakula kwa wiki mbili, anagawa vitu vyake, au anasema "mtanizika hivi karibuni" kama mzaha, asicheke. Amwulize waziwazi: "Je, unafikiria kujiua?" Swali hilo halimtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo, mara nyingi humpunguzia mzigo. Wala si lazima kumkalisha na kumkodolea macho. Wanaume husema vizuri zaidi wakiwa bega kwa bega, wakitengeneza baiskeli au wakienda mtoni. Akilia, mwache alie. Yesu alilia kwa ajili ya kifo cha Lazaro, nao Daudi na Yonathani walilia pamoja walipoagana (1 Sam. 20:41), na Daudi alikuwa askari hodari. Asiachwe peke yake, na asindikizwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Padre ni wa kuitwa pia, lakini sala isiwe sababu ya kuchelewesha dawa.

Viongozi wa UWAKA wangefanya vema kuweka mkutano mmoja usio na michango wala ajenda, maana katika Jumuiya Ndogo Ndogo kina baba ni wachache na hao wachache hunyamaza. Nanyi kina mama, mjue jina la rafiki wa karibu wa mumeo au mwanao, na duara analofanyia kazi. Siku mtu wenu atakapokataa kula na kukataa kusema, huyo ndiye wa kuitwa kwanza aje aketi naye.