Je, Wajua? Barua za Kapteni Dreyfus

Mwaka 1894, mfanya usafi wa ubalozi wa Ujerumani mjini Paris aliokota kapuni barua iliyochanwachanwa, yenye orodha ya siri za jeshi la Ufaransa. Lawama ikamwangukia Kapteni Alfred Dreyfus, ofisa Myahudi.

Baada ya kuhukumiwa, tarehe 5 Januari 1895 alivuliwa vyeo hadharani na upanga wake ukavunjwa, huku umati ukiwatukana Wayahudi. Alipaza sauti kwamba hana hatia.

Akiwa kifungoni katika Kisiwa cha Shetani, Guyana ya Ufaransa, alimwandikia mkewe Lucie barua baada ya barua, zote zikipitia kwanza mikononi mwa wakubwa. Mwaka 1896 ulizuka uvumi wa uongo kwamba ametoroka. Basi usiku akawa anafungwa pingu za miguu kitandani. Hata hivyo, hakuomba msamaha. Alidai jambo moja tu: ukweli utafutwe, heshima yake irudi. Ajabu ni kwamba imani yake kwa jeshi lilelile haikufa.

Barua hizo zilichapishwa kitabuni mwaka 1898, mwenyewe akiwa bado kifungoni. Mwandishi halisi wa ile karatasi ya kapuni alikuwa Meja Esterhazy, ambaye mahakama ya kijeshi ilimwachia huru mwaka huohuo. Dreyfus alisafishwa jina mwaka 1906, akarejeshwa jeshini na cheo cha meja.